Kwa Nini Samaki Hufa Alfajiri: Somo Juu ya Maji ya Bwawa la Nairobi

Watu wakaao karibu na bwawa au ziwa dogo la mjini huenda wameona jambo hili. Jua linachomoza, na samaki wamejaa juu ya maji, vinywa wazi, na wengine wamekwisha kufa, matumbo yao meupe yameelekea juu. Jioni ya jana walikuwa wazima. Mara watu huanza kusemezana. Huyu husema mtu ametia sumu usiku. Yule husema ni ugonjwa. Mwingine husema ni radi na mvua ya jana ndiyo iliyowaua. Huenda ikawa kweli ni sumu, maana takataka za viwanda zipo na watu wasiojali wapo. Lakini mara nyingi sababu ni nyingine kabisa: samaki wale wamekosa pumzi.

Katika somo hili tutaeleza jinsi maji yanavyopata pumzi, jinsi yanavyoipoteza, na mambo yapasayo kufanywa ili irudi. Ili maneno yetu yasiwe ya hewani tu, tumechagua mahali pamoja pajulikanapo na watu wengi, yaani Bwawa la Nairobi. Lakini msomaji aliye na kidimbwi cha samaki shambani kwake, au akaaye karibu na bwawa jingine lo lote, atakuta ya kwamba habari hii ni yake pia.

BWAWA LILIVYOKUWA

Bwawa la Nairobi lilijengwa mwaka 1953 ili liwe akiba ya maji ya kunywa wakati wa shida. Maji yake huletwa na mto Motoine, utokao upande wa magharibi wa jiji, pande za Dagoretti. Kaskazini ya bwawa ni Kibera, na kusini yake ni mitaa ya Langata. Maji yakitoka bwawani huitwa mto Ngong. Mto huo hupita penye viwanda, huungana na mto Nairobi, kisha maji hayo huingia mto Athi, na mwisho hufika Bahari ya Hindi karibu na Malindi kwa jina la Sabaki. Kwa hiyo jambo litendekalo katika bwawa hili si la watu wa Nairobi peke yao.

Lilipojengwa, bwawa lilikuwa na eneo la ekari 88 hivi, yaani kadiri ya meta za mraba 356,000, na kina chake kwa wastani kilikuwa meta 2.76. Tukizidisha hesabu hizo twapata kama lita milioni 980 za maji. Kwa miaka mingi watu walivua samaki humo, na wengine walicheza mchezo wa mashua za tanga. Mwishoni mwa miaka ya 1990 magugu maji yalienea yakafunika maji karibu yote, na mchanga na matope yaliyoletwa na mto yakapunguza kina. Katika miaka iliyofuata watu waliokuja kulitazama bwawa waliona majani mahali pengi zaidi kuliko maji. Muda wa chini ya miaka hamsini ulitosha kuligeuza ziwa la samaki na mashua likawa kinamasi kinachonuka. Mtoto aliyezaliwa mwaka lilipojengwa hakuwa bado mzee.

Hakuna aliyekaa akapanga kuliua bwawa hilo. Lilikufa kidogo kidogo, kwa ndoo moja, kwa bomba moja, kwa mfereji mmoja. Ndiyo sababu yafaa kujua njia lililokufa.

SAMAKI HUPUMUA NINI

Kila kiumbe chenye damu huhitaji hewa ya uhai iitwayo oksijeni. Sisi huivuta kwa mapafu. Samaki huipata kwa matamvua, yaani zile nyama nyekundu zilizo chini ya mashavu yake. Huingiza maji kinywani, huyapitisha penye matamvua, na damu yake huchukua oksijeni iliyoyeyuka ndani ya maji, kama vile chumvi au sukari inavyoyeyuka.

Lakini oksijeni iliyomo majini ni chache mno. Katika lita moja ya hewa tunayovuta kuna mililita 210 hivi za oksijeni. Katika lita moja ya maji safi yenye joto la digrii 20 za Selsiasi, kando ya bahari, kuna mililita 6 hivi tu, ambazo uzito wake ni kama miligramu 9. Tena kadiri nchi inavyopanda juu, hewa hupungua uzito, na maji hushika oksijeni kidogo zaidi. Huko Nairobi, kwenye kimo cha meta 1,700 hivi, lita moja ya maji hayo hayo hushika kama miligramu 7 na nusu. Na maji yakipata joto, hushika kidogo zaidi kuliko yakiwa baridi.

Basi samaki wa bwawa la mjini huishi kama mtu mwenye akiba ndogo. Siku zote mkono wake uko karibu na kinywa. Jambo dogo likimpunguzia, hana pa kukopa.

Samaki nao hawalingani. Trauti, walioletwa nchini Kenya mwaka 1905 na kutiwa katika mto Gura huko Nyandarua, hutaka maji baridi yenye oksijeni tele, wala hawawezi kukaa katika bwawa la joto. Perege, ambao watu wengi huwaita tilapia, huvumilia zaidi. Hupendelea miligramu 5 au zaidi katika kila lita, lakini huweza kustahimili kiasi kidogo kuliko hicho kwa saa chache. Kambare ana kiungo cha pekee juu ya matamvua ambacho kwacho huvuta hewa ya juu kama tuvutavyo sisi. Kwa hiyo mtu akiona kambare wazima katika bwawa, asiseme, "Maji haya ni mema." Perege wakitoweka na kambare wakabaki peke yao, hiyo ni dalili ya maji yaliyokosa pumzi.

UCHAFU HULA PUMZI YA MAJI

Watu wengi hudhani ya kuwa uchafu wa vyoo huwaua samaki kwa sababu ni mchafu. Si hivyo hasa. Uchafu huo ni chakula. Ndani ya maji mna vijidudu vingi visivyoonekana kwa macho, ambavyo kazi yake ni kuozesha kila kitu kilichokufa. Vikipata chakula kidogo, hufanya kazi yao na maji hubaki mazuri. Vikipata chakula kingi, huzaana kwa maelfu na maelfu, navyo hupumua oksijeni ile ile ambayo samaki huihitaji.

Wapimaji wa maji wana njia ya kujua njaa hiyo. Huchukua maji, huyafungia katika chupa gizani kwa siku 5 katika joto la digrii 20, kisha hupima oksijeni iliyotumika. Kanuni za Kenya za mwaka 2006 juu ya usafi wa maji ziliagiza ya kwamba maji machafu yanayomwagwa mtoni au ziwani yasitumie zaidi ya miligramu 30 za oksijeni kwa lita katika kipimo hicho. Maji ya choo yasiyosafishwa huweza kufika 300 au kupita.

Na tufanye hesabu. Lita moja ya maji ya choo hutaka miligramu 300. Lita moja ya maji safi ya Nairobi ina 7 na nusu. Gawanya 300 kwa 7 na nusu, utapata 40. Yaani debe moja la maji ya choo laweza kumaliza pumzi yote iliyomo katika madebe 40 ya maji safi.

Sasa tulitazame bwawa zima. Lita milioni 980, kila moja ikiwa na miligramu 7 na nusu, zina kilo 7,350 za oksijeni. Uchafu wa mtu mmoja kwa siku moja hutaka kadiri ya gramu 40. Basi bwawa lilipokuwa limejaa na safi, akiba yake yote ingalimalizwa na uchafu wa siku moja wa watu 184,000 hivi, au wa watu 18,400 kwa siku 10. Ni kweli kwamba upepo huingiza oksijeni mpya kila saa, na si uchafu wote ufikao majini. Lakini msomaji na akumbuke ya kuwa katika hesabu ya watu ya mwaka 2019 jiji la Nairobi lilikuwa na watu 4,397,073. Bwawa dogo haliwezi kuwa choo cha jiji, hata kwa sehemu ndogo ya watu wake.

MAJI YA KIJANI NA HATARI YA USIKU

Tuliuliza kwa nini samaki hufa alfajiri. Jibu limo katika rangi ya kijani ya maji.

Uchafu ukiisha kuoza huacha mbolea, hasa fosforasi na naitrojeni. Ni mbolea ile ile ambayo mkulima hununua kwa gunia. Mahindi yakipata mbolea hustawi, na mimea ya majini hali kadhalika. Mimea midogo mno ya jamii ya mwani huongezeka mpaka maji yakawa kama mchuzi wa mboga. Mwaka 1973 wataalamu katika jimbo la Ontario, nchi ya Kanada, waligawanya ziwa moja dogo kwa pazia la plastiki. Upande mmoja walitia naitrojeni na kaboni. Upande wa pili walitia vitu hivyo hivyo, pamoja na fosforasi. Upande wa fosforasi uligeuka kijani kibichi, na ule mwingine haukugeuka. Tangu siku hizo imekuwa dhahiri ya kwamba fosforasi ndiyo ufunguo mkubwa katika maziwa mengi, nayo hutoka hasa katika vyoo, sabuni za unga na mbolea za mashambani.

Mchana, jua likiwaka, mimea hiyo hutoa oksijeni kwa wingi. Mtu akipima saa nane mchana ataona maji yamejaa pumzi, na huenda akaenda zake akisema hapana neno. Lakini jua likitua mimea huacha kutoa, nayo huendelea kupumua kama viumbe wengine. Usiku kucha mwani hupumua, vijidudu hupumua, samaki hupumua, wala hapana anayeweka akiba. Saa kumi na moja alfajiri mfuko huwa mtupu. Samaki hupanda juu kutafuta ile ngozi nyembamba ya maji inayogusana na hewa, na wasipoipata ya kutosha hufa kabla jua halijarudi.

Mawingu yakikaa kutwa nzima, mimea haitoi oksijeni ya kutosha, na usiku wake huwa wa hatari zaidi. Mvua kubwa ikinyesha baada ya kiangazi, huvuruga matope ya chini, ambayo hayana pumzi hata kidogo, na kuyachanganya na maji ya juu. Tena huleta uchafu wote uliokauka mifereji mizima. Hivyo yule mtu aliyesema ya kuwa mvua ndiyo iliyowaua samaki hakukosea kabisa. Mvua ilifungua mlango, lakini adui alikuwa amekwisha kukaa ndani.

MAGUGU MAJI NA MATOPE

Magugu maji yenye maua ya zambarau asili yake ni Amerika ya Kusini. Yakipata mbolea na joto huweza kuongezeka maradufu katika muda wa majuma mawili. Yakifunika maji, jua haliingii, upepo haugusi maji, na mwani wa chini hauwezi kutoa oksijeni. Chini ya zulia hilo la majani maji huwa meusi na yenye kunuka kama mayai mabovu. Harufu hiyo ni alama ya kwamba oksijeni imekwisha kabisa.

Kwa sababu hiyo watu huona magugu kuwa ndiyo adui, nao huingia na mapanga kuyakata. Kazi hiyo ni njema, lakini tuelewe ya kuwa magugu ni dalili tu, kama vile homa ilivyo dalili ya malaria. Ukimfunika mgonjwa kwa kitambaa cha maji baridi bila kumpa dawa, homa itarudi. Maadamu mbolea inaingia bwawani kila siku, magugu yatarudi. Tena yakikatwa na kuachwa pale pale ukingoni, huoza, na mbolea yao hurudi majini kwa mvua ya kwanza. Sharti yachukuliwe mbali. Na kwa kuwa magugu hunyonya madini ya sumu yaliyomo katika maji machafu, si vema kulisha ng'ombe magugu yatokayo katika bwawa la mjini.

Matope nayo yana madhara yake. Udongo unaochukuliwa na mvua kutoka katika ardhi iliyo wazi huziba matamvua ya samaki na kufunika viota. Dume la perege huchimba kiota kwa kinywa chake chini ya maji, mahali penye kina kidogo. Matope laini yakijaa hapo, hapana uzazi. Na bwawa likizidi kujaa matope, maji huwa machache, hupata joto upesi, na akiba ya pumzi hupungua zaidi.

JINSI YA KUYAPIMA MAJI BILA MITAMBO

Si lazima mtu awe na mashine ili ajue hali ya bwawa. Haya yafuatayo aweza kuyafanya mwalimu na wanafunzi wake, au kikundi cha wafugaji wa samaki.

Kwanza, chukua sahani nyeupe au kifuniko cha bati kilichopakwa rangi nyeupe, ukifunge kwa kamba yenye fundo kila sentimeta 10, na jiwe chini yake. Kiteremshe majini wakati wa adhuhuri, upande wenye kivuli, mpaka kisionekane tena, kisha hesabu mafundo. Njia hii ilifanyiwa majaribio mwaka 1865 na padre mmoja Mwitalia, Angelo Secchi, na wataalamu wa dunia nzima wanaitumia hata leo. Ikiwa maji ni ya kijani na sahani inatoweka kabla ya sentimeta 30, samaki wako katika hatari usiku. Ikiwa maji ni ya rangi ya udongo, kosa ni la matope, na dawa yake itafutwe juu ya mlima.

Pili, nenda bwawani kabla ya jua kuchomoza. Samaki wakiwa juu wanahema, oksijeni imepungua. Mwenye kidimbwi na aache kutia chakula na samadi siku hiyo, na aingize maji mapya kama anayo.

Tatu, inua mawe yaliyomo katika mto uingiao bwawani. Ukikuta chini yake watoto wa wadudu wa namna nyingi, mto una uhai. Ukikuta vijiminyoo vyekundu peke yake, ujue ya kuwa maji hayo yamechoka.

Afanyaye kazi hiyo katika maji ya mjini asiingie kwa miguu mitupu, wala asiwaache watoto wacheze humo, na akimaliza anawe mikono kwa sabuni.

WALE SAMAKI WALIOKUFA

Hapa twataka kusema neno la kuonya. Samaki wakielea asubuhi, wapo watu ambao huwaokota, huwakaanga na kuwauza barabarani. Mnunuzi hawezi kujua kama samaki amekufa kwa kukosa pumzi au kwa sumu ya kiwandani. Hata akiwa amekufa kwa kukosa pumzi, maji alimofia yaweza kuwa na vijidudu vya kipindupindu, homa ya matumbo na kuhara. Moto wa kutosha huua vijidudu, lakini hakuna jiko liwezalo kuondoa zebaki au madini ya risasi katika nyama ya samaki. Samaki aliyeokotwa amekufa asiliwe, asiuzwe, wala asipewe kuku. Azikwe mbali na maji, na habari ipelekwe kwa afisa wa afya au afisa wa samaki upesi, maana maji ya kupimwa sharti yachukuliwe mapema. Baada ya siku moja ushahidi umekwisha kwenda na mkondo.

Hali kadhalika mboga zinazomwagiwa maji ya mto mchafu ni hatari zikiliwa mbichi. Sukuma wiki inayotoka kando ya mto wa mjini iliwe ikiwa imeoshwa kwa maji safi na kupikwa sawasawa.

JE, ZIWA LILILOKUFA LAWEZA KUPONA?

Laweza. Katika mji wa Växjö, nchi ya Sweden, liko ziwa dogo liitwalo Trummen, lenye eneo la karibu kilometa moja ya mraba, nalo lilikuwa na kina kidogo kuliko Bwawa la Nairobi. Kwa miaka mingi lilipokea maji machafu ya mji na ya viwanda. Mwishoni mwa miaka ya 1950 mabomba hayo yaligeuzwa yasiingie tena ziwani. Watu walingoja ziwa lipone. Halikupona. Miaka kumi ilipita, na maji yalikuwa bado ya kijani, na samaki waliendelea kufa.

Wataalamu walipochunguza waliona ya kuwa mbolea ya miaka yote iliyopita ilikuwa imelala katika matope, nayo ilikuwa ikipanda juu kila mwaka kama deni linalozaa riba. Basi mwaka 1970 na mwaka 1971 matope ya juu yalinyonywa kwa mashine, nusu meta mwaka wa kwanza na nusu meta mwaka wa pili. Fosforasi ilipungua sana, maji yakaanza kuangaza, na ziwa likarudi kutumiwa na watu wa mji.

Katika habari hiyo mna mafunzo mawili. La kwanza ni kwamba mpango una utaratibu wake: kuzuia uchafu kwanza, kutoa matope baadaye. Mtu achimbaye matope huku mabomba yanaendelea kumwaga, anateka maji kwa pakacha. La pili ni kwamba ziwa likicheleweshwa, gharama yake huzidi. Sweden ingaligeuza mabomba mapema, isingalilazimika kuchimba.

KAZI YA KILA MMOJA

Haifai kuwalaumu watu maskini peke yao. Mtu aliyepangishwa chumba mahali pasipo bomba la maji machafu hakuchagua kumwaga mferejini. Hana mahali pengine. Tena mabomba makubwa ya mitaa yenye nyumba nzuri nayo hupasuka, na maji yake hufuata bonde lile lile mpaka mtoni. Kazi ya kwanza ni ya wenye mamlaka: kujenga mabomba, kuyatengeneza yakipasuka, na kusafisha maji kabla ya kuyamwaga. Katiba ya Kenya ya mwaka 2010, kifungu cha 42, inampa kila mtu haki ya kuwa na mazingira safi yenye afya. Haki hiyo ni ya mtu wa Kibera sawa na mtu wa Langata, na mtu wa Sabaki anayekunywa mwisho wa mto.

Lakini ziko kazi zisizohitaji kungojea serikali. Kanuni zile za mwaka 2006 zilikataza ujenzi na shughuli nyingine za namna hiyo karibu na mto, kwa upana usiopungua meta 6 na usiozidi meta 30 kila upande. Ukanda huo ukiachwa na nyasi na miti, hushika udongo na mbolea kabla havijafika majini. Mwenye nyumba za kupangisha na achimbe vyoo mbali na mto, na akivisafisha uchafu usimwagwe mferejini usiku. Mwenye kuosha magari na asiyaoshee mtoni, kwa maana mafuta hufunika maji na kuzuia hewa. Mkulima wa kando ya mto na atie mbolea kwa kipimo, wala si mbele ya mvua kubwa. Na aonaye bomba linalomwaga rangi au harufu mtoni na aandike siku, saa na mahali, apeleke habari kwa Mamlaka ya Taifa ya Kusimamia Mazingira.

Wahenga walisema, mchuma janga hula na wa kwao. Mtu amwagaye uchafu Jumatatu hudhani ameuondoa nyumbani kwake. Ijumaa hununua mboga zilizomwagiwa maji hayo, au samaki aliyeyavuta maji hayo kwa matamvua yake, akawapikia watoto wake. Maji ya mji hayana mahali paitwapo mbali.

MASWALI YA KUZUNGUMZA

1. Kwa nini maji yaliyopimwa saa nane mchana yaweza kuonekana mema, na samaki wakafa usiku ule ule?

2. Ikiwa debe moja la maji ya choo hutaka pumzi ya madebe 40 ya maji safi, madebe 5 hutaka pumzi ya madebe mangapi?

3. Katika mtaa au kijiji chenu, maji ya mvua hupita wapi kabla ya kufika mtoni, nayo huchukua nini njiani?

4. Kwa nini kukata magugu peke yake hakutoshi?

5. Ziwa Trummen halikupona mara mabomba yalipogeuzwa. Toa sababu, kisha useme ni kazi gani ingetangulia kama Bwawa la Nairobi lingetengenezwa.